Pencheni ya bibi yangu na msaada wangu wa Uingereza

Kila nikipiga simu kwetu Makunduchi, Zanzibar, hakosi mtu wa kuniambia: nyie huko serikali inakulisheni, mmekaa tu. Neno hilo limenichosha.

Nilipokuja Uingereza, viza yangu ilisema wazi kwamba siruhusiwi kupokea fedha za umma. Kodi nikakatwa tangu mshahara wa mwanzo, lakini zamu zangu zilipopunguzwa hapakuwa na pa kukimbilia. Nilipopata ukaazi wa kudumu ndipo nikaomba Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Malipo ya kwanza husubiriwa kama wiki tano. Ukizidiwa kabla ya hapo utapewa kitu, ila ni mkopo, nao hukatwa kwenye malipo yanayofuata. Watoto wangu wasingekaa wiki tano bila ya kula, basi nikaanza msaada nikiwa na deni.

Wala sikukaa. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Nawaosha, nawageuza, nawalisha. Mshahara ukishapita kiwango nilichoruhusiwa, kila pauni moja ninayoongeza inanipunguzia peni 55 za msaada. Nauli na uchovu ni vyangu.

Fedha yenyewe inanifaa, sitaikana. Imenilipia nyumba. Kinachoniuma ni kuishi kama mtu anayeshukiwa: akiba ngapi, nani analala hapa, kwa nini saa za kazi zimepungua.

Bibi yangu anapokea Pencheni Jamii, fedha ya wazee inayotolewa na Serikali ya Zanzibar. Ilipoanza, Aprili 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa. Ni ndogo, haimtoshi, na mimi bado natuma. Lakini hakuna aliyemuuliza ana mjukuu Ulaya au ana minazi mingapi. Ametimiza miaka 70, ni mkaazi wa Zanzibar, basi. Mwenye duka jirani yake anapata sawasawa na yeye, kwa hiyo hakuna wa kumnyooshea kidole. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ni mambo mengine: kaya maskini hutajwa mbele ya mkutano wa kijiji, kila mtu anasikia.

Wakubwa wetu wakija huku kujifunza, nawaomba wachukue kiwango kinachoweza kulipa kodi ya nyumba. Masuali wayaache hapa hapa.

Siku ya pencheni bibi hutoa kanga mpya sandukuni, akatoka na wenzake asubuhi, wanazungumza njia nzima. Mimi msaada wangu hata shoga yangu wa kazini sijamwambia.