Mita moja na nusu ya kwanza: ugomvi wa California juu ya mimea inayogusa nyumba

Baada ya mioto ya Januari 2025 kuteketeza Pacific Palisades na Altadena, huko Los Angeles, kuna aina moja ya picha iliyosambaa sana: nyumba imebaki majivu na dohani, na pembeni yake mti umesimama na majani yake mabichi. Picha hizo zimegeuzwa kuwa hoja. Wanaopinga kanuni mpya ya kuondoa mimea kandokando ya nyumba wanauliza: kama mti haukuungua, kwa nini tuambiwe bustani ndiyo hatari? Ni swali la haki, na wanaouliza si watu wasioijali mitaa yao. Lakini naona picha ile inasema jambo ambalo wengi wanalipita. Inasema moto haukuifikia nyumba ile kwa kupitia kwenye mti. Ulipita njia nyingine, na hiyo ndiyo njia ambayo kanuni inayobishaniwa inajaribu kuifunga.

Kwa miaka mingi California imewataka wenye nyumba katika maeneo ya hatari wapunguze mimea hadi mita 30 kutoka ukutani. Hilo wengi wameshalizoea. Sasa ugomvi umehamia kwenye mita moja na nusu ya kwanza, inayoitwa Ukanda Sifuri. Bunge la jimbo lilipitisha sheria yake mwaka 2020. Kanuni zilitakiwa ziwe tayari mwanzoni mwa 2023, muda ukapita, na mwezi mmoja baada ya majengo zaidi ya 16,000 kuteketea Gavana Gavin Newsom akaamuru kazi hiyo ikamilishwe kabla ya mwisho wa 2025. Kinachotakiwa ni kwamba ndani ya mita hiyo moja na nusu pasiwe na kitu kinachoshika moto kirahisi. Matandazo ya magome ya miti yaondoke, ziwekwe kokoto. Kichaka kilicho chini ya dirisha kiondoke. Uzio wa mbao usishikane na ukuta.

Mtu akisikia moto wa nyika hufikiria ndimi ndefu zinazosogea kama jeshi. Zipo, ila haziunguzi nyumba nyingi kama tunavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Jack Cohen, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alishiriki majaribio kaskazini mwa Kanada ambako misitu ilichomwa kwa makusudi mbele ya kuta za mbao. Kwa umbali wa mita 10, baadhi ya kuta zilishika moto. Kwa mita 20 na 30 hazikushika. Yaani hata msitu mzima ukiwaka, joto lake peke yake haliwashi ukuta ulio mita 30 mbele yake. Kinachovuka mita 30, na hata kilomita kadhaa, ni cheche.

Na cheche zina tabia yake. Tazama nyumba yoyote asubuhi baada ya usiku wa upepo mkali. Majani makavu hayatapakai sawasawa uwanjani. Utayakuta yamejikusanya kwenye kona ya kuta mbili, chini ya ngazi, nyuma ya chungu cha maua, juu ya mkeka wa mlangoni. Upepo ukigonga ukuta hupoteza nguvu na kuangusha ulichobeba, na unapoangusha majani ndipo utakapoangusha cheche. Zikikuta pale kichaka cha mreteni chenye matawi makavu ndani, au matandazo yaliyokaushwa na miezi ya kiangazi, kinachofuata hakihitaji moto mkubwa. Kichaka kinawaka, kioo cha dirisha kinapasuka kwa joto, pazia linashika. Mti mkubwa wenye maji shinani, mita nane mbali, unatazama nyumba ikiungua kutoka ndani kwenda nje.

Ndiyo maana sioni kwamba picha ya mti mbichi inaipinga kanuni. Rasimu zilizojadiliwa zimekuwa zikiruhusu miti mikubwa ibaki, mradi matawi yawe mbali na paa na ukuta. Mti wa kwenye picha, mara nyingi, haungeguswa kabisa.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwa sababu wana ushahidi pia. Mtafiti Alexandra Syphard na wenzake walilinganisha nyumba 1,000 zilizoungua na 1,000 zilizonusurika katika Kaunti ya San Diego kati ya 2001 na 2010. Waligundua kuwa kusafisha hadi umbali wa mita 5 mpaka 20 kutoka kwenye nyumba ndiko kuliko na faida kubwa zaidi, na kwamba kuvuka mita 30 hakukuongeza kinga yoyote, hata kwenye miteremko. Karibu na nyumba, kilichosaidia kilikuwa kupunguza vichaka na miti kwa kiwango cha hadi asilimia 40 na kuhakikisha hakuna tawi linalogusa nyumba wala kuning'inia juu yake. Kufyeka kila kitu hakukuwa sharti. Mwenye bustani anayesema kanuni imekwenda mbali kuliko utafiti hajakosea sana.

Kuna na hoja ya ardhi. Vichaka vya asili vya kusini mwa California vikifyekwa au vikiungua mara kwa mara, mahali pake huchukuliwa na nyasi ngeni zinazokauka mapema na kuwaka upesi kuliko vile vichaka. Anayefyeka mlima mzima kwa hofu anaweza kujipandia kiberiti, na kuuachia mteremko mvua iubebe. Kuna na kivuli, ambacho katika jiji linalozidi kuwa na joto ni suala la afya. Na kuna fundisho la Australia. Mwaka 2014 jimbo la New South Wales liliwaruhusu wakazi wa maeneo ya hatari kukata miti iliyo ndani ya mita 10 na vichaka ndani ya mita 50 bila kibali. Haikuchukua muda malalamiko yakajaa kwamba watu wanakata miti ili wapate mandhari ya bahari au nafasi ya kujenga, na serikali ikalazimika kupunguza maeneo yaliyohusika.

Yote hayo nayakubali, na yananifanya nitake kanuni iwe nyembamba. Lakini angalia hoja hizi zinagusa wapi. Mlima uliofyekwa, kivuli cha barabarani, miti iliyokatwa kwa ajili ya mandhari: karibu zote ziko nje ya ile mita moja na nusu. Msomaji aliyekulia kijijini kwetu, ambako uwanja unaozunguka nyumba hufagiliwa kila asubuhi mpaka unabaki udongo mtupu, hatashangaa kuambiwa kwamba nyumba inahitaji ukanda usio na kitu. Miti ya kivuli na matunda huwa hatua chache mbele, na hakuna anayesema mji ule ni jangwa.

Takwimu ninayoirudia kila nikiwaza suala hili inatoka Paradise, mji wa kaskazini mwa California uliochomwa na moto wa Novemba 2018, watu 85 wakafa na majengo zaidi ya 18,000 yakaangamia. Watafiti waliochunguza nyumba za mji ule walikuta kwamba jambo moja lililotabiri sana hatima ya nyumba ni umbali wake na nyumba nyingine iliyoungua. Zilizokuwa zaidi ya mita 18 kutoka nyumba iliyoteketea, kusipokuwa na miti iliyosongamana katika eneo la mbali kidogo kuzizunguka, zilinusurika kwa kiwango kikubwa zaidi.

Mita 18. Katika mitaa mingi ya Altadena, ndani ya mita 18 kutoka ukuta wako unakuta nyumba ya jirani, banda lake, gari lake na ua wake. Wapinzani huitumia takwimu hii kusema kuni halisi ni nyumba zenyewe, kwa hiyo fedha ziende kwenye paa, vioo na nyavu za matundu ya hewa. Kwa sehemu wanasema kweli. Paradise penyewe, nyumba zilizojengwa kabla ya 1997 zilinusurika takriban asilimia 11 tu, na zile za kuanzia 2008, zilizofuata masharti mapya ya ujenzi, takriban asilimia 43. Lakini mnyororo wa nyumba kuwashana una nyumba ya kwanza, na ile ya kwanza mara nyingi huwashwa na kitu kidogo kilichokuwa kinagusa ukuta. Na upande mwingine wa hesabu hiyo ni mzito zaidi: kichaka kilicho chini ya dirisha langu kiko ndani ya mita 18 za jirani yangu. Anaweza kubadilisha paa lake lote, akaungua kwa sababu yangu. Hapo ule msemo wa "bustani yangu, uamuzi wangu" unaniishia nguvu.

Pale ambapo wapinzani wana haki kamili, na ambapo serikali haijafanya vya kutosha, ni gharama. Altadena ilikuwa moja ya sehemu chache za Los Angeles ambako familia za Wamarekani Weusi ziliweza kununua nyumba vizazi vilivyopita, na wengi wa wenye nyumba hizo sasa ni wazee wa pensheni. Kung'oa ua wa zamani, kukata kipande cha uzio kinachoshikana na nyumba na kuweka cha chuma, kununua kokoto na kumlipa wa kuzibeba, si kazi ya mtu wa miaka 78 siku ya Jumamosi. Sheria inazipa nyumba za zamani muda zaidi kuliko mpya, na tangu 2022 kampuni za bima zinatakiwa kumpunguzia ada aliyeilinda nyumba yake. Ila punguzo la ada halimsaidii ambaye kampuni imekataa kumwekea bima kabisa, na kusini mwa California watu hao ni wengi. Kama faida ya mita moja na nusu ya mzee huyo inakwenda kwa majirani wote walio ndani ya mita zile 18, basi fundi wa kubadilisha uzio wake alipwe na jimbo, kabla mkaguzi hajatumwa mlangoni kwake na karatasi ya faini.