Mkutubi aingie karakana

Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, kila mwanafunzi wa Sekondari Pevu, ngazi ya Gredi ya 10 hadi ya 12 nchini Kenya, aliingia na masomo ya lazima pamoja na matatu aliyoyachagua mwenyewe. Hapa Lamu swali linaulizwa: je, mkutubi wa shule apange kazi na walimu wa masomo hayo ya kuchagua, kama sanaa, sayansi kimu na useremala, au atosheke na rafu zake?

Wanaopinga wana hoja. Mkutubi huwa mmoja, mara nyingi ameajiriwa na bodi ya shule, au ni mwalimu aliyeongezewa funguo za maktaba juu ya vipindi vyake. Foleni ya mlangoni ni ya vitabu vya Hisabati na Kiingereza. Akikaa na mwalimu mwenye wanafunzi wanane, wengi wataumia. Tena, wanasema, nakshi za Lamu hazikufunzwa kwa kitabu. Mtoto alikaa ubavuni mwa fundi, akashika patasi.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivuta upande wa pili. Nilimtazama mvulana akinakili mlango kutoka picha ya kitabuni. Maua aliyachora vizuri mno. Alipofika kwenye ule mti wa kati unaoziba pengo la mbao mbili akasita, kwa kuwa picha haikuonyesha kina chake. Mwalimu wake, mtu wa bara, akauita "kile kipande cha katikati". Mvulana akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, babu huuita mfaa." Neno hilo halikuwamo katika kitabu chochote cha maktaba ile.

Laiti mkutubi na mwalimu wangekaa pamoja muhula haujaanza, maazimio ya kazi, yaani mpango wa vipindi vya muhula, yakiwa mezani! Wangekwenda kwa mafundi, wakaandika majina ya sehemu za mlango na kupima kina cha nakshi, wakayahifadhi kwenye faili penye 736, namba ya uchongaji katika mpangilio wa Dewey wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba. Mwaka ujao mwanafunzi mwingine angeyakuta.

Kuhusu muda, nakubaliana na wapinzani nusu. Mkutubi mmoja hawezi kuwahudumia walimu wote. Achague somo moja kila muhula. Lakini mwalimu naye aje mapema. Akija wiki ya mtihani kudai vitabu, mkutubi hana la kumfanyia.