Nani aliruhusu hema lipigwe pale?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 2024, Mto Talek ulifurika ukaingia ndani ya kambi za watalii Maasai Mara. Kulipokucha, zaidi ya kambi kumi zilikuwa zimezama, na Msalaba Mwekundu ulikuwa mbioni kuwatoa watu, wengine kwa helikopta. Walioifanya kazi ile wanastahili shukrani. Mimi swali langu ni la miaka ya nyuma: nani aliruhusu mahema yale yapigwe pale?

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza ujenzi kandokando ya mto, mita 6 hadi 30 kila upande, zikipimwa kwa kimo cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufika. Hazikusema upime Februari, mto ukiwa kijito cha kuruka. Tunajua kwa nini kambi zinausogelea mto. Mgeni anataka anywe chai yake barazani huku kiboko anakoroma hapo chini, na hema la namna hiyo halilali tupu. Mfanyabiashara atafuata hela, ndiyo kazi yake. Ila kibali hajipi mwenyewe.

Watu wakizungumzia utalii baada ya maafa, huwa wanakimbilia matangazo: video nzuri, maonyesho ya utalii ya Berlin, "karibuni tena". Mara haina shida hiyo sana. Nyumbu wakianza kuvuka mwezi Julai, wageni watakuja tu. Anayeumia ni mpishi, dobi na askari wa usiku wa kule Talek, ambao kambi ikifungwa na mshahara umekatika. Mtalii ana bima ya safari. Wao wana nini?

Na pesa zipo. Tangu Januari 2024, mgeni kutoka nje analipa dola 100 kwa siku kuingia hifadhini, na kuanzia Julai hadi Desemba analipa 200. Hifadhi iko chini ya Kaunti ya Narok. Basi sehemu ya kiingilio hicho ipime kingo za mito ya Talek na Mara, iweke vigingi, kisha majina ya kambi zilizovuka mpaka yabandikwe kwenye lango la Sekenani, kando ya ubao wa bei, pamoja na tarehe ambayo kila moja itahama.