Tochi ya Ukweni

Tangu juzi usiku, chumba chenye mwanga wa uhakika kuliko vyote katika nyumba ninayopanga hapa Nkuhungu, Dodoma, ni choo, na mwanga wenyewe hautoki darini bali ndani ya tundu. Umeme ulikatika kama kawaida yake, na mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Kondoa, akaenda msalani akiwa ameibana tochi kwapani. Alipoinuka ikamponyoka. Ilitumbukia ikiwaka, na imeendelea kuwaka.

Wenye wakwe mtanielewa. Mtu mwenye heshima zake hawezi kumwuliza mama mkwe ameangusha nini na alikuwa amekaaje, na yeye hawezi kumwambia. Taarifa yote nimenong'onezwa na mke wangu, tukakubaliana kutamka kwamba choo kina hitilafu.

Chini ya tundu, bomba limepinda kama shingo ya bata ili maji kidogo yabaki pale na kuzuia harufu ya shimo isirudi ndani. Maji hupita kwenye kona hiyo bila shida, lakini tochi ya betri tatu haijui kupinda. Nilijaribu kuivua kwa waya wa kutundikia nguo, na waya nao ukaponyoka. Mpangaji mwenzangu alishauri tuisukume kwa ufito, shauri ambalo lingeipeleka mahali ambapo hata mkono haufiki. Mwenye nyumba alisema choo kilikuwa kizima aliponikabidhi. Jirani tuliyekuwa tukimwomba choo chake ameanza kukifunga kwa kufuli.

Ikabidi aitwe fundi. Saa mbili asubuhi alisema yuko njiani, saa nne yuko njiani, na kila nilipompigia nilimsikia jogoo yuleyule akiwika nyuma yake. Sikulalamika sana, kwa kuwa mji huu umezoea kusubiri wageni: iliamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Serikali ikaanza kufungasha kwa kishindo mwaka 2016. Fundi wangu alifika saa nane mchana.

"Choo hiki alikujengea nani, mzee?" aliuliza kabla ya salamu, akitikisa kichwa kama mganga aliyeitwa mgonjwa akiwa amekwisha kukata roho. Alimlaani fundi aliyemtangulia, akailaani saruji, akaulaani mteremko wa bomba, kisha akainama na kuuona mwanga. Alinyamaza kwa muda.

"Mzee, huku chini kuna mtu?"

Nilimweleza kwa sauti ya chini kwamba ni tochi. Yeye sauti ya chini hakujaliwa.

"Tochi! Ameiangusha nani?"

Nikasema haijulikani.

"Sasa nitafanyaje kazi bila maelezo? Huyo mtu alichuchumaa akitazama mlango au ukuta? Maana ndipo nitajua imelala upande gani."

Sebuleni, hatua nne kutoka tulipokuwa, mama mkwe alikuwa akichambua mlenda, nami nikasikia kuchambua kumesimama. Nikajibu kwamba ni mimi, na kwamba nilitazama ukuta.

Ndipo alipodai dumu la maji la lita 20, na hapo adabu ikanitoka. Jamani, maji hayo niliyakinga saa kumi alfajiri, nimejifunga shuka, upepo wa Dodoma ukinichapa vumbi usoni, halafu mtu aje ayaombe kama anavyoombwa moto wa kuwashia jiko! Nilimpa nusu, akanawa miguu.

Hatimaye alivaa mkononi mfuko wa plastiki, kitu kilichopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na ambacho sijui alikihifadhi wapi, akazamisha mkono hadi kiwiko na kuichomoa tochi kabla sijamaliza kuziba pua. Alivyotaja bei ungedhani ni tanzanaiti ameichimba Mererani. Kisha, kabla sijamzuia, akaingia nayo sebuleni ikimulika na kuchuruzika.

"Shikamoo mama! Tochi ya mzee hii hapa, bado nzima!"

Mama mkwe aliitazama kama mtu asiyewahi kuona tochi maishani. "Marahaba," akasema. "Mwambie awe mwangalifu."

Usiku huu umeme umekatika tena. Mlango wa chumba chetu umegongwa taratibu.

"Baba, samahani, niazime hiyo tochi yako."