Hapo kwenye "kuwekwa dawa" sikubaliani
Mwandishi, umeandika kuwa nyuzi za mgomba za kutengenezea bandeji "zinawekwa dawa" ili bandeji hiyo iue bakteria. Sivyo hasa. Dawa ya kupaka huchujuka na majimaji ya kidonda, ikaisha. Hapa selulosi yenyewe, yaani dutu inayojenga nyuzi, hubadilishwa: kwenye vikundi vyake vya haidroksili (oksijeni na hidrojeni) huunganishwa, kwa kifungo cha kikemia, amoniamu ya kwatenari (kemikali ya nitrojeni) yenye chaji chanya. Utando wa bakteria una chaji hasi, basi hunaswa na kuvurugika. Malighafi tunayo, huku Kibosho, Kilimanjaro, mkungu ukishakatwa, shina tunamkatia ng'ombe, na panga likipita unaona nyuzi zinaning'inia. Ila kemikali hiyo ikizidi hudhuru hata seli za mgonjwa, jambo ambalo habari yenu imelipita kimya kimya.