Frauenkirche ya Dresden: je, ilistahili kuachwa gofu?

Asubuhi ya tarehe 15 Februari 1945, siku mbili baada ya ndege za Uingereza, na kisha za Marekani, kuanza kuumiminia mabomu mji wa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, kuba ya kanisa la Frauenkirche ilianguka. Kilichoiangusha hasa ni moto. Viti vya mbao viliwaka ndani, joto likapanda hadi mawe ya mchanga yakapasuka, na nguzo nane nyembamba zilizobeba kuba yenye uzito wa tani zipatazo 12,000 zikashindwa. Watu wapatao 300 waliojificha katika vyumba vya chini walikuwa wamekwisha kutoka. Kilibaki kilima cha kifusi na vipande viwili vya ukuta, na hali ikawa hivyo kwa karibu miaka 50.

Leo kanisa hilo limesimama tena. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1994, na tarehe 30 Oktoba 2005 likawekwa wakfu. Hata hivyo, swali lililowagawa watu wakati ule halijafa: je, lilistahili kujengwa upya, au lingeachwa gofu ili vizazi vijavyo vione vita hufanya nini?

Kwanza tujue lilikuwa jengo la namna gani. George Bähr, fundi seremala mkuu wa mji, alianza kulijenga mwaka 1726. Kuba ilikusudiwa kuwa ya mbao iliyoezekwa kwa shaba, lakini yeye alishikilia iwe ya mawe, na wenyeji wakaiita kengele ya jiwe. Alifariki mwaka 1738, miaka mitano kabla kazi haijakamilika. Nyufa zilianza kuonekana mapema na kuwatia watu hofu, lakini mwaka 1760, jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, lilipouzingira mji, mizinga iliipiga kuba hiyo na haikuanguka. Ndani, roshani zilipangwa kwa ghorofa kuizunguka sehemu ya mimbari na altare, kwa maana hili lilikuwa kanisa la Kilutheri, na waumini walitakiwa kukaa karibu na neno linalohubiriwa.

Februari 1990, miezi michache baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, kikundi cha wenyeji akiwamo mpiga tarumbeta Ludwig Güttler kilitoa wito wa kulijenga upya. Wa kwanza kusitasita walikuwa watu wa Kanisa wenyewe, na sababu zao hazikuwa nyepesi. Makanisa mengi ya Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti ambamo Dresden ilikuwamo, yalikuwa yakivuja na kuoza. Kwa nini fedha nyingi kiasi hicho ziende mahali pamoja? Tena, tangu mwaka 1982 vijana walikuwa wakikusanyika kwenye kifusi kila tarehe 13 Februari, mishumaa mikononi, wakiomba amani mbele ya serikali isiyopenda mikusanyiko ya aina hiyo. Kwao gofu lile lilikuwa mahali pa sala, na kulifukia chini ya jengo jipya kulionekana kama kulinyamazisha.

Mfano wao ulikuwapo Uingereza. Kanisa kuu la Coventry liliteketezwa na ndege za Kijerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Kuta zake ziliachwa wazi, bila paa, na mbunifu Basil Spence akajenga kanisa jipya ubavuni, lililowekwa wakfu mwaka 1962. Nyuma ya altare ya gofu yamechongwa maneno mawili tu: "Baba, Samehe." Mtu anayeyasoma huku mvua ikimnyeshea hahitaji mwongozaji wa watalii. Mimi nakiri kwamba hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande huo.

Lakini gofu nalo husemewa na wenye nguvu. Serikali ya Ujerumani Mashariki ililitumia lile la Dresden kuwashutumu mabeberu wa Magharibi. Baadaye wafuasi wa siasa za Kinazi walifanya maandamano ya kila mwaka mjini humo, wakikuza idadi ya waliokufa ili kufunika makosa ya Wajerumani, hadi tume ya wanahistoria ilipothibitisha mwaka 2010 kwamba waliouawa hawakuzidi 25,000.

Namna ya kujenga pia ilikuwa na uzito wake. Kifusi hakikuzolewa kwa matingatinga. Kila jiwe lililofaa lilipimwa, likapigwa picha na kupewa namba, na mafundi wakakisia kwa msaada wa kompyuta lilikuwa wapi kabla ya kuanguka. Altare iliunganishwa kutokana na vipande vipatavyo 2,000, na makovu yake yakaachwa yaonekane. Gharama ilifika takriban euro milioni 180, na zaidi ya nusu ilikuwa michango ya watu kutoka sehemu nyingi za dunia. Msalaba wa kileleni ulitengenezwa na mfua dhahabu wa London ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yale yale. Kwa sababu hizo naona Dresden walifanya vyema.

Siwezi kusema hivyo kuhusu Potsdam, mji ulio karibu na Berlin, ambako mnara wa kanisa la jeshi umejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024. Mabaki ya kanisa lile yalibomolewa mwaka 1968, kwa hiyo hapakuwa na kifusi cha kurudishwa mahali pake. Na ni mbele ya kanisa hilo, Machi 1933, Hitler alipopeana mkono na Rais Hindenburg.

Hata Dresden kwenyewe lipo jambo linalonisumbua. Watetezi hupenda kutuonyesha mawe meusi ya zamani yaliyotawanyika kati ya mapya ya rangi ya mchanga, kwamba hayo ndiyo ushahidi. Ila mawe ya eneo la mto Elbe yana chuma ndani yake, na kadiri miaka inavyopita huwa meusi yenyewe. Wajukuu wa waliojenga watatazama ukuta wenye rangi moja. Siku hiyo ushahidi mkubwa utakuwa ule msalaba wa zamani uliofukuliwa kwenye kifusi mwaka 1993, umepinda na kuungua, ambao sasa umewekwa ndani ya kanisa, chini, usawa wa macho ya watu.