Boshori la Asubuhi, Jasho la Mchana

Anayesema Tanzania ni nchi ya joto hajawahi kushika bomba la chuma pale Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri. Ukitoka hapo mkono haukutii tena, unaubembeleza kwanza.

Jiji letu la Mbeya liko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Watoto wanafundishwa hivyo shuleni, wanajibu mtihani, wanapata vema, halafu wanarudi kulala kwenye nyumba iliyojengwa kana kwamba tuko Tanga. Tofali za saruji, bati juu, dari hakuna, na juu ya kila dirisha tundu za kupitishia hewa. Hewa! Kuna mtu Mbeya analalamika amepungukiwa hewa? Usiku wa Juni na Julai kipimajoto kinashuka hadi digrii 5 au 6. Anga ni safi, wingu hata la dawa hulioni, joto lote la mchana linapaa kwenda zake juu, na fundi kaliachia njia lisije likachelewa.

Ndiyo maana ndani kuna baridi kuliko nje. Jua likichomoza tu, mtaa mzima unajipanga ukutani upande wa mashariki kuota. Mwenye nyumba yupo, mpangaji aliyekuwa anamkimbia wiki nzima yupo, wamebanana bega kwa bega. Mimi naamini kodi nyingi za mji huu hudaiwa pale ukutani, maana mdaiwa akiondoka anaipoteza nafasi yake kwenye jua. Bora adhalilike.

Kuoga sitaki hata kulisemea sana. Msimu wa kipupwe watu wazima wenye familia zao wanaoga pasipoti: uso, shingo, kwapa, basi, picha imetoka. Ukimsikia mtu anaimba bafuni ujue hafurahi, anajipa moyo. Maji ya moto yapo, lakini mkaa wa kuyachemshia ndio huo huo wa maharage, na mama watoto ameshatoa hukumu kwamba maharage hayawezi kusubiri mgongo wangu. Kuliingiza jiko chumbani tuote nalo tumekatazana kabisa, na hapo simpingi. Moshi wa mkaa ukiufungia dirisha unalala usiamke. Kwa hiyo tunatumia miguu. Yaani yeye anatumia ya kwangu. Mchana kutwa mwanamke huyu anavaa soksi jozi mbili, lakini ikifika saa nne usiku ile nyayo inayokugusa mbavuni, wallahi, imetoka mtoni.

Shangazi yangu wa Tanga anatutumia mafuta ya nazi kila mwaka, Mungu ambariki. Yeye anayamimina. Sisi yanatufikia jiwe. Ngozi imepauka, midomo imepasuka, na mafuta yapo, yanakuangalia ndani ya chupa. Unaiweka chupa kwapani robo saa ili upate tone la kupaka kisigino.

Halafu saa sita mchana inafika, na hapo ndipo ninapochoka kabisa. Jua la huku juu linachoma utosi, digrii 22 au 23, na wewe una sweta, koti na boshori vya asubuhi. Unavipeleka wapi? Ukivivaa unalowa jasho. Ukivivua unavibeba mkononi mji mzima, unaulizwa kama unauza. Ukiviacha nyumbani, saa kumi na mbili jioni jua likijificha nyuma ya milima baridi inakukuta sokoni Mwanjelwa na shati la mikono mifupi, na bodaboda anakwambia panda, upepo wa bure.

Bodaboda wetu nao. Makoti ya mtumba yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji, ambayo mtu wa Dar hawezi kuyagusa, huku yanapata heshima yake. Kijana ana ndevu, ana misuli, amevaa koti la waridi la mama wa Ulaya lenye manyoya shingoni, na hacheki. Wala hachekwi. Julai hapa hakuna nguo ya kike wala ya kiume, kuna inayofika magotini na isiyofika.

Mwezi huo huo tulikuwa na msiba Kyela. Nikajifunga makoti nikapanda gari. Uyole tunatetemeka wote. Tukapita Isyonje, tukashuka Kiwira, Tukuyu tukaikuta na manyunyu yake kama kawaida, sehemu ambayo hata kiangazi mvua inapita kusalimia. Tunaendelea kushuka, mtu anavua glovu, mwingine anavua sweta, hadi tunakaribia Ziwa Nyasa, ambalo haliko hata mita 500 juu ya bahari, gari zima limekuwa soko la mitumba. Nimezika nikiwa na makoti mawili mkononi. Wenyeji wakadhani nimekuja na zawadi, na mzee mmoja alikwisha kulijaribu moja.

Septemba na Oktoba ni vumbi na upepo, hamna la kueleza. Unafua, unaanika, unaanua kitu cha rangi nyingine.

Mvua zikianza, kuanzia Novemba mpaka Aprili au hata Mei, bati linapiga kelele mpaka taarifa ya habari unaisoma mdomoni kwa mtangazaji. Jinzi inaanikwa Jumatatu, Alhamisi bado inafikiria. Barabara ya mtaani kwetu inakuwa na maoni yake: kiatu kimoja inakirudisha, kingine inabaki nacho.

Na katikati ya mvua hizo, Desemba, ndipo ndugu wa Dar wanapopanda kukimbia joto lao. Wanashuka stendi wanavuta pumzi ndefu. "Shemeji, mnaishi peponi nyie! Kiyoyozi cha Mungu!" Siku ya kwanza wanapiga picha na ukungu wa Mlima Loleza. Siku ya pili wanauliza kama blanketi ni hilo hilo moja. Siku ya tatu shemeji yangu ameliinamia jiko na ameshika kijiti, anachokoa mkaa ambao haujamkosea kitu. Nikamwonea huruma nikamvalisha sweta langu zito, lile la shingo ndefu, nililoligombania Mwanjelwa na mama mmoja mwenye kucha.

Kaondoka nalo. Nimempigia simu Januari, anasema lipo, analipenda sana, amelitundika kabatini. Dar leo digrii 32. Nimemuuliza analivaa lini. Anasema analivaa akifungua friji.